Wikiendi ya Kupinga Vita Chuoni: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa Moshi na Arusha

Wanafunzi wengi wanaotaka kuandaa shughuli ya kupinga vita huanza na fulana. Wanauliza rangi, wanauliza MC, wanauliza spika zitatoka wapi. Mimi huuliza kwanza: vita gani? Nataka jibu lenye tarehe, mahali na majina ya wanaopigana. Kama huwezi kumweleza mwenzako wa hosteli, kwa dakika tano, nani anapigana na nani Goma, mashariki mwa Congo, na kwa nini, bango lako halitamsaidia mtu wa Goma.

Ndiyo maana mwongozo huu unatetea jambo moja toka mwanzo mpaka mwisho: wikiendi ya kupinga vita iwe darasa kwanza, kelele baadaye. Nimewaandikia wanafunzi wa Ushirika, Mwenge, KCMC, Makumira, Uhasibu Njiro na vyuo vingine vya kanda hii, wenye bajeti ndogo na ukumbi wa kuomba.

Mfano ambao nawasihi mwuige

Machi 1965 Marekani ilikuwa imeanza kuipiga Vietnam ya Kaskazini mabomu mfululizo na kushusha askari wa miguu Da Nang. Walimu wa Chuo Kikuu cha Michigan walipanga kugoma kufundisha siku nzima. Wanasiasa wakawajia juu, hata gavana akawalaani. Walimu wale wakabadili mkakati: badala ya kuacha kufundisha, wakafundisha usiku kucha. Kuanzia jioni ya tarehe 24 mpaka asubuhi ya tarehe 25 walitoa mihadhara na mijadala kuhusu Vietnam, na watu wapatao 3,000 wakahudhuria. Katikati ya usiku kukatokea tishio la bomu, watu wakatolewa nje kwenye baridi, na mjadala ukaendelea hukohuko nje. Majira yaleyale vyuo vingine kwa makumi vikaiga. Tarehe 17 Aprili, Jumamosi, wanafunzi na watu wengine zaidi ya 15,000 waliandamana Washington. Tazama mpangilio huo: mkesha wa masomo ulitangulia, maandamano yakafuata, na walioandamana walijua wanachokisema.

Kwetu historia ni tofauti kidogo, na ni vizuri kuijua ili msije mkashangazwa na swali ukumbini. Wanafunzi wa Dar es Salaam walioanzisha USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, mwaka 1967, chini ya uenyekiti wa Yoweri Museveni aliyekuwa mwanafunzi pale, hawakuwa watu wa kupinga kila vita. Waliunga mkono FRELIMO ya Msumbiji iliyokuwa msituni ikipigana na Wareno. Jarida lao la Cheche lilipigwa marufuku mwaka 1970. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanzania anayesema "hapana" kwa vita amerithi mjadala mzito, na atatakiwa aseme vita ipi anaikataa na kwa sababu gani. Nitarudi kwenye jambo hilo nikifika Kagera.

Hatua ya kwanza: chagueni mahali pamoja

Msiandae wikiendi ya "amani duniani". Mtapata hotuba tamu na hakuna atakayekumbuka lolote Jumatatu. Chagueni mahali pamoja, na kama hamna sababu kubwa ya kuchagua kwingine, chagueni mashariki mwa Congo. Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na makao makuu ya Jumuiya yako Arusha. Wakimbizi wa Kikongo wamekuwa Nyarugusu, Kasulu, tangu 1996. Tena askari wetu wamekufa kule: tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilishambuliwa Semuliki, Kivu Kaskazini, na zaidi ya askari kumi wa JWTZ wakauawa. Wapo wazazi na wajane nchini hii ambao kwao vita hivyo si habari ya redioni.

Kisha kila mmoja wa waandaaji aweze kutoa maelezo ya dakika tano bila karatasi. Mfano wa maelezo hayo ni huu. M23, waasi wa mashariki mwa Congo, wamechukua jina lao kutoka makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009, ambayo walisema serikali ya Congo haikuyatekeleza. Mwaka 2012 waliichukua Goma kwa siku chache. Mwaka 2013 wakashindwa na jeshi la Congo likisaidiwa na brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mwishoni mwa 2021 wakaibuka tena. Januari 2025 wakaiteka Goma, Februari wakaiteka Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa kwamba Rwanda inawasaidia; Rwanda imekanusha na kusema tishio kwake ni FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliohusika na mauaji ya kimbari ya 1994. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam kuhusu jambo hilohilo, na Juni 27 mwaka huo Congo na Rwanda zikatia saini makubaliano Washington.

Jipimeni kwa kuelezana wawiliwawili kwenye vimbweta. Anayekwama arudi kusoma. Pale ambapo pande mbili zinasema mambo tofauti, mwanafunzi ajue kusema "hawa wanadai hivi, wale wanakanusha", maana ukumbini anaweza kuwepo mtu wa upande wowote.

Mkichagua Sudan, mambo ya kuanzia ni haya: vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023 kati ya jeshi la Abdel Fattah al-Burhan na wanamgambo wa RSF wa Mohamed Hamdan Dagalo, aitwaye Hemedti, watu wawili waliokuwa wakitawala pamoja. Zaidi ya watu milioni 10 wamekimbia makazi yao.

Hatua ya pili: mlezi, kibali na polisi

Kabla ya kuunda klabu mpya ulizeni kama chuoni kuna tawi la YUNA (chama cha vijana kinachohusiana na Umoja wa Mataifa) au klabu ya Umoja wa Mataifa. Kuingia kwenye chama kilichosajiliwa tayari kunawaokolea muhula mzima wa kuandika katiba na kuzungushwa ofisini. Kama hakipo, tafuteni mhadhiri mmoja awe mlezi. Mtafuteni anayependa kusoma, asiwe tu yule anayependwa na wanafunzi.

Barua ya kuomba kibali iende kwa Mshauri wa Wanafunzi kupitia serikali ya wanafunzi, wiki tatu kabla. Itaje lengo, ukumbi, siku na saa, idadi ya watu, jina la mlezi, na wasemaji wote kutoka nje ya chuo pamoja na wasifu wao mfupi. Wasemaji wa nje ndio wanaochelewesha kibali kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo msiandike "na wengineo". Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo.

Sasa polisi. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inamtaka mtu anayeandaa mkusanyiko au maandamano mahali pa umma atoe taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo, saa 48 kabla au zaidi, akieleza mahali, muda na lengo. Polisi wana uwezo wa kuzuia wakiona amani itavunjika. Shughuli ya ndani ya ukumbi wa chuo ni jambo la kibali cha chuo, lakini ongeeni na Mshauri wa Wanafunzi mjue kama chuo kitatoa taarifa polisi chenyewe au kinataka ninyi mwandike. Ikibidi kuandika, barua iwe fupi:

*YAH: TAARIFA YA MKUSANYIKO WA WANAFUNZI. Tunapenda kukutaarifu kuwa Jumapili tarehe …, kuanzia saa 8:00 mchana hadi saa 11:30 jioni, wanafunzi wapatao 120 wa chuo cha … watakusanyika katika ukumbi wa … ndani ya eneo la chuo. Lengo ni darasa la wazi kuhusu vita vya mashariki mwa Congo. Hakutakuwa na matembezi nje ya chuo. Kibali cha chuo kimeambatishwa. Msimamizi ni …, simu …*

Sentensi ya "hakutakuwa na matembezi" naitilia mkazo. Katiba yetu, ibara ya 18 na ya 20, inatambua uhuru wa maoni na wa kukusanyika, na sitamwambia mwanafunzi kwamba maandamano ni dhambi. Ninachosema ni kwamba kundi ambalo halijawahi kuendesha darasa moja lenye utulivu haliko tayari kuwatoa watu mia barabarani na kuwarudisha salama. Wikiendi ya kwanza bakini ndani. Na asiwepo mtu wa kuja na bendera, kofia au kanga ya chama cha siasa, awe wa chama chochote. Mlangoni awepo mtu wa kumwambia hivyo kwa heshima.

Hatua ya tatu: tarehe

Wikiendi ya Kilimanjaro ina wenyewe. Jumamosi ni siku ya misiba na harusi. Mhadhiri uliyemtegemea atakupigia asubuhi kwamba yuko mazishini Rombo, na hutakuwa na la kumjibu. Wasabato hawatakuja tangu Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi linapozama tena, na kwa vyuo vya upande wa Usa River hilo ni kundi kubwa. Jumapili asubuhi ni ibada. Inayobaki ni Jumapili alasiri, kuanzia saa 8 mchana, na ndiyo ninayoipendekeza kwa darasa lenyewe. Jumamosi itumike kwa kazi za mikono: kuandika bango, kupanga ukumbi, kufanya mazoezi ya maelezo.

Kuhusu mwezi, Aprili una uzito wake. Tarehe 7 Aprili, ambayo kwetu ni Karume Dei, ndiyo siku dunia inapokumbuka mauaji ya kimbari ya Rwanda. Tarehe 15 ni kumbukumbu ya kuanza kwa vita vya Sudan. Ila Aprili ni masika, kwa hiyo msipange chochote uwanjani, na angalieni Pasaka inaangukia wapi. Siku ya Amani ya Kimataifa, 21 Septemba, ni nzuri kwenye karatasi lakini wanafunzi wengi wako likizo. Kaeni mbali na wiki mbili za kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Na kama mnategemea michango, pangeni baada ya bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, kuingia.

Hatua ya nne: wasemaji

Watatu wanatosha: anayejua historia, aliyeishi vitani, na aliyewahi kukaa karibu na meza ya upatanishi au mahakama. Dakika 20 kila mmoja, mwisho.

Mtu wa historia mnaye chuoni. Mtu wa tatu, Arusha imejaa. Mji huu ndimo yaliposainiwa makubaliano ya Rwanda tarehe 4 Agosti 1993. Ndimo ilipofanya kazi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda mpaka Desemba 2015, ikiwa imewashtaki watu 93. Ndimo Mwalimu Nyerere aliposimamia mazungumzo ya Burundi tangu 1998, akafariki Oktoba 1999 kabla hayajaisha, Mandela akayapokea mpaka yakasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Wakalimani, makarani, wanasheria na walinzi waliofanya kazi kwenye vyumba hivyo bado wanaishi Njiro, Sakina na Tengeru. Mkalimani aliyekaa mahakamani miaka mitano ana mengi kuliko profesa aliyesoma hukumu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha. Taasisi kama hizi hufanya kazi siku za wiki, kwa hiyo ziara ombeni kwa barua mapema, na iwe Ijumaa kabla ya wikiendi yenu.

Aliyeishi vitani ndiye wa kumwendea kwa adabu kuliko wote. Kwa Moshi, nawashauri mwanajeshi mstaafu aliyepigana vita vya Kagera. Wapo Kibosho, Marangu, Machame, Old Moshi. Msimtumie ujumbe wa simu. Nendeni wawili, msichana na mvulana, mkiongozwa na mtu anayemfahamu, na sukari kilo mbili na majani ya chai mkononi. Shikamoo, marahaba, kaeni, nyweni mtakachopewa, ulizieni afya na migomba. Habari ya mwaliko aianze yule mliyekwenda naye. Kisha mwambieni mzee mambo matatu waziwazi: watakuwa vijana wangapi, mngependa azungumzie nini, na kwamba ana uhuru wa kukataa swali lolote. Muulizeni pia, "Mzee, kuna jambo usilopenda tukuulize?" Mengine mzee hajawahi kuyasema hata kwa mkewe. Anayeuliza ukumbini "uliua wangapi?" amemdhulumu mzee na ameharibu darasa, kwa hiyo swali hilo mwenyekiti alizuie mapema. Siku yenyewe afuatwe kwa gari, arudishwe kwa gari, na bahasha ya nauli apewe faragha.

Kama msemaji wenu ni mkimbizi au mwanafunzi aliyetoka kwenye vita, kanuni ni kali zaidi. Asipigwe picha, asirekodiwe, jina lake lisiandikwe kwenye tangazo, isipokuwa ameridhia mwenyewe baada ya kuelezwa kwamba picha ikishasambaa hairudi. Ana ndugu waliobaki kule. Na msimwombe alie ili ukumbi uguswe.

Hatua ya tano: ukumbi, bango, chai

Darasa la kawaida lenye viti 120 linafaa kuliko ukumbi mkubwa unaoonekana mtupu. Hakikisheni nani ana ufunguo siku ya Jumapili, na mpate namba yake na ya mtu wa pili. Umeme ukikatika projekta haina kazi, kwa hiyo ramani ya maziwa makuu ichoreni kwa mkono kwenye manila mbili zilizounganishwa. Ramani ya mkono ina faida nyingine: aliyeichora anakuwa anajua Goma iko wapi, Kigali iko wapi, na Kigoma iko umbali gani na Uvira.

Bango moja, lililoandikwa vizuri, linatosha. Nunueni kitambaa cheupe kizito, mita 3 kwa 1, na rangi ya maji ya ukutani nyeusi. Kipigeni pasi, kitandazeni sakafuni juu ya magazeti, pigeni mistari kwa penseli na kamba yenye chaki. Herufi za urefu wa sentimita 15 zinasomeka bila shida kutoka mwisho wa darasa. Kwa upana huo mstari mmoja unabeba herufi kama 24 pamoja na nafasi, basi. Kwa hiyo hesabuni kabla ya kupaka. "GOMA NI MAJIRANI ZETU" inakaa mstari mmoja, "RISASI ZIKOME" chini yake. Andikeni lote kwa penseli kwanza, mwenye macho mapya asome kutafuta makosa, ndipo brashi iguse kitambaa. Acheni likauke usiku mzima.

Maneno ya bango yana mpaka, na mpaka huo ulichorwa Arusha. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Rwanda iliyokaa hapa iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, Nahimana na Barayagwiza wa redio RTLM na Ngeze wa gazeti la Kangura. Redio ile iliwaita Watutsi mende. Basi kwenye bango, kwenye wimbo, kwenye hotuba, asiwepo binadamu wa kuitwa mdudu, nyoka au uchafu, wala kabila au taifa zima kubebeshwa dhambi ya jeshi. Semeni "M23", semeni "jeshi la Congo", semeni "serikali". Msiseme "Wanyarwanda". Hili halina mjadala.

Chai: watu 120, kikombe cha robo lita, ni lita 30. Muwekeni mama lishe wa nje ya geti aandae, mkubaliane bei ya jumla kwa maandishi na mlipe nusu kabla. Chai huja baada ya wasemaji, kabla ya makundi. Mkiitoa mwanzoni watu hunywa na kuondoka.

Fedha zote zipitie kwa watu wawili, mmoja anapokea na mwingine anaandika, na kila anayetoa apewe stakabadhi. Kama mnachangisha kwa ajili ya waathirika, zipelekwe kwa shirika linalofahamika kama Msalaba Mwekundu Tanzania, na risiti ya shirika ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Namba ya simu ya mtu binafsi isitumike hata kama ni mwaminifu kiasi gani.

Hatua ya sita: Jumapili yenyewe

Saa 8:00 watu wanaingia, kila mmoja anapewa kipande cha karatasi. Saa 8:20 anzeni, hata wakiwa 30. Mwenyekiti asome kanuni tatu: tunazungumza kuhusu matendo bila kutukana mataifa, hakuna kurekodi, maswali yanaandikwa. Saa 8:30 mwanafunzi anatoa yale maelezo ya dakika tano mbele ya ramani. Kisha wasemaji watatu mpaka saa 9:35. Chai mpaka saa 10:00.

Maswali ya karatasi yana siri yake. Kwenye maikrofoni husimama walewale watano, wengi wao wavulana, na wengi wao hutoa hotuba. Kwenye karatasi anauliza yule binti wa mwaka wa kwanza aliyekaa nyuma, na swali lake mara nyingi ndilo la maana. Wawili wazipange karatasi wakati wa chai, wakiunganisha yanayofanana.

Saa 10:00 mpaka 10:40 gawanyikeni makundi ya watu wanane, viti kwa duara, kila kundi na swali moja. Hapa ndipo darasa linapoiva. Swali ninalolipenda kuliko yote kwa Arusha ni hili: makubaliano ya Rwanda yalisainiwa hapa Agosti 1993, na Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza, nini kilikosekana kati ya saini na ile miezi minane? La pili: makubaliano ya Burundi yalisainiwa mwaka 2000 huku makundi makubwa yaliyokuwa yanapigana hayamo, je, ni heri kusaini na walio tayari au kusubiri wote? Kijana aliyehangaika na maswali hayo mawili ataisoma habari ya mkataba wowote mpya wa Congo kwa macho mengine kabisa.

Msigawe makundi kwa uraia. Lakini mkijua kuna Mkongo na Mnyarwanda ukumbini, hakikisheni kila kundi lina mwandaaji mmoja mtulivu. Wakianza kurushiana maneno, mwandaaji asiwaambie watulie tu. Awaombe kila mmoja aeleze alichokiona au alichosimuliwa nyumbani, kwa zamu, bila kukatwa. Ikishindikana, watoke nje na mlezi, darasa liendelee.

Saa 10:40 majibu ya makundi, dakika mbili kila kundi. Saa 11:10 barua, nitakayoieleza chini. Saa 11:30 mnafunga, viti vinarudi, sakafu inafagiliwa. Haisi za mwisho za kwenda mbali zinawahi Jumapili, na wasichana wasiachwe kutafuta boda gizani.

Ikitokea polisi au walinzi wa chuo wakaja na kutaka msitishe, mtu mmoja tu, yule aliyetajwa kwenye barua, awaendee na kibali mkononi. Wakisisitiza, tawanyikeni kwa utulivu, andikeni saa, jina na cheo cha aliyetoa amri, na Jumatatu mlezi alifuatilie ofisini. Wekeni mapema kwenye simu namba ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Swali la Kagera, ambalo lazima litaulizwa

Mtu atauliza: mnapinga vita, je, Mwalimu alikosea kumpiga Amin? Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, yakaua, yakapora, yakaivunja Daraja la Kyaka. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa Moshi wakaunda UNLF, umoja wa makundi yao ya kumpinga Amin, na kumchagua Yusuf Lule awe kiongozi. Aprili 11 Kampala ikaanguka. Mzee mliyemwalika huenda alikuwepo. Mkijibu kwa ubaridi kwamba vita vyote ni sawa, mtakuwa mmemvunjia heshima mbele ya wajukuu zake, na mtakuwa mmesema uongo.

Msimamo wangu ni huu. Kupinga vita hakumlazimu mtu akatae haki ya aliyevamiwa kujitetea. Kunamlazimu aulize maswali ambayo wakati wa ngoma za vita hakuna anayetaka kuyasikia: vita vinaishia wapi, nani analipa, nani anabaki kule baada ya ushindi. Tanzania ililipa gharama ya Kagera kwa miaka mingi ya ukata, na Uganda haikupata amani baada ya Amin kuondoka. Lule mwenyewe alikaa madarakani siku 68 tu. Mwulizeni mzee anaonaje. Kwa uzoefu wangu hakuna wanaochukia vita kama waliopigana, na jibu lake litakuwa na uzito ambao kijana wa miaka 21 hawezi kuuleta.

Hatua ya saba: barua inayotoka ukumbini

Watu wasiondoke na hisia tupu. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa Katibu wa Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, nakala kwa wabunge tisa wanaoiwakilisha Tanzania. Rasimu iwe tayari tangu Jumamosi, isomwe kwa sauti, ukumbi uirekebishe, kisha wanaotaka watie saini. Asiyetaka asiulizwe sababu.

Iwe na ombi moja linaloweza kutekelezwa. "Tunaomba vita viishe" si ombi la kumpa mbunge. "Tunaomba Bunge lijadili hadharani hali ya raia wa Goma na Bukavu, na kamati husika itueleze imefanya nini tangu mkutano wa Dar es Salaam wa Februari 2025" ni ombi. Andikeni kwa Kiswahili na mwambatishe tafsiri ya Kiingereza. Majina yenye namba za simu msiyasambaze kwenye magrupu. Saini, jina na chuo vinatosha.

Ipelekwe kwa mkono ndani ya wiki hiyo. Kutoka Moshi mpaka Arusha ni kilomita 80 hivi, wawili wanatosha kwenda na kurudi siku moja. Pokeeni muhuri kwenye nakala yenu, na nakala hiyo ikae kwenye faili la mlezi pamoja na kibali, hesabu za fedha na orodha ya maswali ya karatasi, ili wa mwaka ujao wasianze upya. Baada ya siku 30 bila jibu, andikeni ya kukumbusha, mkitaja tarehe ya muhuri. Likija jibu, liwe zuri au la kukwepa, lisomwe mbele ya wale waliotia saini, chumba kilekile, Jumapili saa 8 mchana.